Samahani ya WhatsApp haikutosha

Wauzaji wenzangu, wanaosema mila haina kazi kwenye biashara ya mtandaoni mimi nawapinga. Nauza vitenge, nipo Soweto, Moshi. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, oda zikanizidi. Sare za mama mmoja wa Marangu zikafika sikukuu imeshapita. Nikatuma samahani, nikarudisha hela yote. Akaniblock.

Mama yangu akakata jani la isale mpakani mwa kihamba: "Mpelekee mwenyewe." Kwetu ukiletewa isale, kukataa kusamehe ni vigumu sana. Nikapanda daladala (nauli yangu!). Alilipokea, akanisema weee, kisha akaniwekea chai. Juzi kaagiza vitenge vya Pasaka, ila anavitaka wiki 2 kabla.