AJIRA HUISHA, KAZI HAIISHI

Kila mfanyakazi aijua siku aliyoajiriwa. Barua yake ya kwanza ameitunza sandukuni, na tarehe yake aweza kuitaja hata akiamshwa usiku wa manane. Lakini siku ya kuondoka kazini, ambayo nayo imeandikwa katika sheria, wengi hawapendi hata kuitaja. Katika Tanzania mfanyakazi aweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na atimizapo miaka 60 hana hiari tena, isipokuwa wale wa kada chache waliowekewa umri wao. Siku hiyo basi haiji kwa kunyemelea. Yapiga hodi miaka 30 na zaidi kabla ya kuingia, na bado yawakuta watu wengi wamelala.

Leo twapenda kusema na ndugu zetu wafanyakazi juu ya mambo mawili ambayo watu huyatenga, nasi twayaona kuwa ni jambo moja: akiba ya uzeeni na kazi ya uzeeni. Mwenye akiba asiye na kazi hukaa akiitafuna akiba yake mpaka ikaisha. Mwenye kazi asiye na akiba huifanya kazi hiyo kwa kusukumwa na njaa, katika umri ambao mgongo haukubali tena kusukumwa. Yote mawili yataka kuanzwa mapema, wakati mtu bado ana mshahara na nguvu.

Tukumbuke tulikotoka. Katika mashamba ya mkonge ya wakati wa ukoloni mfanyakazi alihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Kipande kikijaa alilipwa, na hapo hesabu yake na bwana shamba ikawa imekwisha. Uzee wake haukuwa neno la bwana shamba. Alipochoka alirudi kwao, na huko shamba la ukoo na watoto wake ndivyo vilivyokuwa pensheni yake. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1964 ilianzisha mfuko wa taifa wa akiba, uliojulikana kwa herufi NPF. Mfanyakazi na mwajiri walichanga pamoja, na mfanyakazi alipoondoka alipewa fedha yake yote kwa mara moja. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa watu waliozoea kuondoka mikono mitupu. Lakini fedha ya mara moja ina udhaifu wake: huja siku moja, huweza kwisha msimu mmoja, na baada ya hapo mzee hana cha kutazamia mwisho wa mwezi. Ndipo sheria ya mwaka 1997 ikaugeuza mfuko huo kuwa NSSF, wenye kulipa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikaachiwa wafanyakazi wa sekta binafsi na wale waliojiajiri.

Katika mwaka huo huo wa 2018 ndipo nchi nzima ilipojifunza neno kikokotoo. Kanuni mpya ziliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 ya mafao, hali watumishi wengi wa umma walikuwa wamezoea nusu. Malalamiko yakawa makubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza kanuni ya zamani irudishwe kwa kipindi cha mpito. Mwaka 2022 ikaja kanuni moja kwa wote, yenye mkupuo wa asilimia 33. Mwaka 2024 kiwango hicho kilipandishwa kuwa asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo.

Twasema wazi kwamba wafanyakazi walikuwa na haki ya kulalamika. Mtu aliyeambiwa kwa miaka 25 kuwa atapata nusu, akapiga msingi wa nyumba kwa hesabu hiyo, si haki kumbadilishia maneno akiwa amekwisha kufika mlangoni. Ahadi ya uzeeni si kama ahadi nyingine. Kijana aliyevunjiwa ahadi ana miaka ya kujirekebisha; mzee hana. Mabadiliko ya namna hii, kama ni ya lazima, yawe kwa walioanza kazi jana, nao waambiwe siku ile ile wanapotia sahihi.

Hayo tumeyasema. Lakini tukinyamaza hapo tutakuwa tumewaficha wafanyakazi nusu ya ukweli. Tuchukue mfano wa mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, naye ametumika miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya 2022 ya moja juu ya 580, na kwa kiwango cha asilimia 40, atapata mkupuo wa shilingi 37,240,000 hivi, na pensheni ya shilingi 372,000 hivi kila mwezi. Akitaka kuendelea kutumia shilingi 1,000,000 kila mwezi kama zamani, atapungukiwa na shilingi 628,000. Akiliziba pengo hilo kwa fedha ya mkupuo, mkupuo wote utakwisha kabla ya miaka mitano kutimia, hata kama hakujenga, hakuugua, wala hakumwoza mtoto.

Sasa tumpe mtu huyo huyo kanuni ya zamani, ile iliyoliliwa. Mkupuo wake ungekuwa shilingi 62,000,000 na pensheni yake shilingi 333,000 hivi kila mwezi. Akiishi kwa mtindo ule ule, fedha hiyo nayo haifiki miaka minane. Tofauti ya milioni 25 kati ya kanuni mbili si ndogo, wala hatuibezi. Lakini mtu wa miaka 60 aweza kuishi miaka 20 au zaidi, na hakuna kikokotoo, cha zamani wala kipya, kitakachombeba miaka hiyo yote ikiwa hana kingine mkononi.

Je, hicho kingine chapatikana wapi?

Kwanza, kila mtu aulinde mchango wake. Sheria yataka asilimia 20 ya mshahara ipelekwe kwenye mfuko kila mwezi. Kwa mtumishi aliye PSSSF, asilimia 5 hukatwa kwake na asilimia 15 hutoka kwa mwajiri. Kwa aliye NSSF, mara nyingi kila upande hutoa nusu. Wako waajiri wanaomkata mfanyakazi na kuzuia fedha hiyo mifukoni mwao. Huo ni wizi, na hauna jina jingine. Mfanyakazi huugundua akiwa na miaka 59, wakati kampuni imekwisha kufungwa na mwenyewe hajulikani aliko. Pensheni ya kila mwezi yataka michango ya miezi 180, na miezi isiyopelekwa haihesabiki kwa kulia. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwanachama na aitazame taarifa ya michango yake kila mwaka, na chama cha wafanyakazi kiulize kwa sauti kubwa mwezi wa kwanza mchango unapokosekana, wala kisingoje mwezi wa sitini.

Pili, kila mtu awe na akiba yake mwenyewe nje ya mfuko. Wengine watasema, "Kwa mshahara gani?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika wakati kuliko katika wingi wa fedha. Anayeanza na miaka 25 akaweka shilingi 20,000 kila mwezi, atakuwa ameweka shilingi 8,400,000 afikapo miaka 60, bila kuhesabu faida yo yote. Anayeanza na miaka 50 yampasa aweke shilingi 70,000 kila mwezi ili afike pale pale. Miaka 25 ya kungoja imemgharimu hivyo. Tena fedha isilale chini ya godoro, maana bei hupanda na fedha iliyolala huliwa bila kuguswa. Iko SACCOS ya kazini, ziko hati fungani za serikali, iko mifuko ya uwekezaji ya pamoja kama Umoja iliyoanzishwa mwaka 2005. Huko Mufindi na Njombe wako watumishi walioweka akiba yao katika misindano. Mti huo wataka miaka 18 hata 25 uwe mbao nzuri, kwa hiyo aliyepanda akiwa na miaka 38 huvuna akiwa anastaafu. Kwa upande wa pili, mwenye mikopo ya kausha damu juu ya mshahara wake huwa anautumia uzee wake kabla hajazeeka.

Tatu, mkupuo usitupwe katika jambo geni. Tumeyaona mara nyingi: mwalimu aliyeshika chaki miaka 35 anunua basi dogo wiki ya pili baada ya kulipwa, naye hajui hata kusikiliza injini, karani afungua duka la vifaa vya ujenzi katika mji asioujua. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Wako pia matapeli wanaoijua siku ya malipo kuliko mstaafu mwenyewe, wakipiga simu na kujifanya maofisa wa mfuko. Na nani amesahau DECI ya mwaka 2009, ambayo watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha wavune maradufu, mpaka serikali ilipoifunga na mbegu za wengi zikawa zimepotea? Biashara ya uzeeni na ijaribiwe kwa fedha kidogo, miaka mitano kabla ya kustaafu, wakati hasara bado yaweza kufidiwa na mshahara. Tena shauri hilo lijulikane nyumbani. Mume anayemficha mkewe mafao, au mke anayemficha mumewe, huwaalika watu baki kuwa washauri wake.

Sasa tuje kwenye neno ambalo mifuko haiwezi kulilipa. Mtu aliyekuwa akitafutwa na watu 40 kwa siku, siku ya kwanza ya kustaafu hatafutwi na mtu. Simu imenyamaza, na wale waliokuwa wakimwita "mzee" ofisini wamepata mzee mwingine. Wapo wanaodhoofika upesi baada ya hapo, na watu husema ni ugonjwa au ni mkono wa mtu. Twaamini kuwa mara nyingi ni kukosa cha kuamkia. Ajira ni mkataba, nao una mwisho. Kazi ni kule kuwafaa wenzako kwa akili na mikono yako, na hiyo haina barua ya kuikoma.

Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63, akarudi Butiama akalima. Tangu 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza umaskini wa nchi zetu na njia za kuushinda. Mwaka 1996 akawa mpatanishi wa ndugu zetu wa Burundi, kazi aliyokuwa nayo mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Na mwaka huo huo wa 1996 zilichapwa tenzi zake, alizozitunga kwa kuyatia maneno ya Biblia katika mashairi ya Kiswahili. Tuangalie hapo. Tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1963, wakati alipokuwa na nchi changa mabegani. Ufundi alioutumia katika uzee aliunoa akiwa bado kazini. Hakungoja kustaafu ndipo atafute la kufanya.

Si kila mtu aweza kupatanisha mataifa, lakini kila fani ina watu wanaoihitaji. Fundi mitambo wa reli aweza kuwafunza vijana wawili watatu wa mtaani kwake. Muuguzi aweza kuwasaidia kina mama wajawazito wajue dalili za hatari mapema. Karani wa hesabu ni hazina kwa chama cha ushirika cha kijijini, ambako vitabu vibovu vimewala wakulima wengi kuliko ukame. Vijana wetu wanatafuta ujuzi, na ujuzi huo umekaa barazani ukicheza bao kutwa. Bao si baya. Ni baya likiwa ndiyo shughuli pekee.

Hatuwasahau wale wasio na mwajiri: mama lishe, kuli, mkulima, dereva wa bodaboda. Hao hawana barua ya kustaafu wala mkupuo, nao ni wengi. Sheria imewafungulia mlango wa kujichangia wenyewe katika NSSF. Mifuko na iwafuate masokoni na vituoni, kwa michango inayolingana na kipato cha siku. Zanzibar ilionyesha njia tangu Aprili 2016, ilipoanza kumlipa pensheni kila mzee mkazi aliyefikia miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ilikuwa ndogo, lakini maana yake ilikuwa kubwa: aliyelima na aliyevua naye alifanya kazi.

Basi, ndugu mfanyakazi, usingoje semina ya wastaafu watarajiwa ambayo huitiwa miezi sita kabla ya kuondoka. Mwezi huu huu uliza michango yako imefika mingapi. Mwezi huu huu weka kando kiasi cho chote, hata kama chaonekana haba. Na jioni moja ya mwezi huu huu keti na mwenzi wako, ujiulize: siku nitakapokabidhi funguo za ofisi, kesho yake alfajiri nitaamka nimfae nani? Mwenye jibu la swali hilo, hata akiwa na miaka 30, amekwisha kuanza kuulinda uzee wake.