Safari za walemavu ng'ambo: nani anaenda, na anaturudishia nini?

Leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa la watu wa ofisi tu. Ni zile safari ambamo mtu mwenye ulemavu anachaguliwa, analipiwa tiketi ya ndege, na kwenda inchi ya mbali kujifunza haki na uongozi. Kuna wanaosema ni matembezi tu, kwamba mtu anaenda kupiga picha na kurudi na sertifika. Mimi sikubaliani nao. Lakini jinsi safari hizi zinavyofanyika kwetu, faida yake inaishia katika valizi ya mtu mmoja.

Kwanza tuone uzuri wake. Viziwi wengi wa Kongo wanaongea kwa lugha ya ishara iliyotokana na ile ya Marekani, ikachanganyika na Kifaransa na mambo ya hapa kwetu. Lugha hiyo ilifikaje? Ililetwa na safari. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa mtoto, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata diploma katika chuo cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, mwaka 1954. Mwaka 1957 akaja Ghana, akaanzisha shule ya viziwi, na kutoka hapo kazi yake ikaenea katika inchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo. Alifariki katika ajali ya ndege hapa jirani, Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987. Miaka michache baadaye Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe hiyo hiyo, 3 Desemba, kuwa siku ya watu wenye ulemavu duniani. Imeangukiana tu, lakini viziwi wengi wanaikumbuka.

Ninamtaja Foster kwa sababu ya namna alivyofanya. Hakuridhika kufundisha watoto peke yake. Viziwi kutoka inchi mbalimbali walikutana Ibadan, Nigeria, wakafunzwa ualimu, kisha wakarudi kwao kufungua madarasa. Yaani aliyesafiri alitegemewa kuzaa wengine.

Huko Marekani kuna shirika linaloitwa Mobility International USA, lililoanzishwa mwaka 1981 katika mji wa Eugene na Susan Sygall, mama anayetumia kiti cha magurudumu. Tangu 1997 linaita wanawake wenye ulemavu kutoka inchi nyingi, wakae pamoja wiki kadhaa, wajifunze kuongoza mashirika yao. Mwanamke ambaye nyumbani anafichwa chumbani wageni wakifika, anakutana na wanawake wengine walemavu walio mawakili, wakurugenzi, wabunge. Jambo hilo peke yake linaweza kubadilisha mtu. Hakuna seminari ya siku mbili katika hoteli ya Goma inayoweza kufanya hivyo.

Sasa, nani anachaguliwa kwetu? Tuseme ukweli. Anayeongea Kiingereza. Mwenye kompyuta na intaneti ya kujaza makaratasi. Mwenye pasipoti tayari, ao mwenye mtu Kinshasa wa kumfuatilia, kwa maana viza nyingi zinaombwa kule, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu vita ya mwezi wa kwanza 2025. Mama kipofu aliyekimbia Masisi na watoto wanne hawezi hata kusikia kwamba tangazo lilipita. Simlaumu aliyechaguliwa, alifanya kazi kupata diploma yake, na pengine alisoma akibebwa mgongoni kila asubuhi. Lakini tusiseme "walemavu wa Kivu wamewakilishwa" wakati aliyeenda hajauliza hata kundi moja linataka apeleke neno gani.

Na kuna kitu kinachonishangaza. Tunatafuta mabadilishano ya kimataifa mbali sana, na kumbe yako Petite Barrière kila asubuhi. Wafanyabiashara walemavu, juu ya kinga zao za magurudumu matatu zilizojaa mizigo, vijana wakisukuma nyuma, wanavuka kati ya Goma na Gisenyi. Kinshasa na Brazzaville ni vile vile, walemavu wamefanya biashara ya kuvuka mto miaka mingi. Watu hawa wanajua kuongea na askari wa inchi mbili, wanajua ushuru, wanajua kusimamia kundi na kutatua ugomvi wa wasukumaji. Huo si uongozi? Lakini kwa sababu hawana barua pepe, hakuna anayewaandika kwenye listi ya viongozi.

Kwa hiyo ninaona safari ya kwanza ya kulipia ni ile ya basi, kwenda kwa jirani. Tuchukue Uganda. Katiba yao ya 1995 iliweka watu wenye ulemavu ndani ya bunge kwa viti vyao wenyewe, na viti hivyo ni vitano. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni. Katika halmashauri za chini pia sheria inaweka watu wawili wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke. Haikutoka mbinguni; mashirika ya walemavu yaliungana mwaka 1987 katika muungano mmoja, NUDIPU, yakasukuma wakati katiba inaandikwa. Rwanda nayo ina kiti kimoja cha mtu mwenye ulemavu katika chumba cha wabunge. Ninajua kutaja majirani hawa wawili siku hizi kunaumiza wengi wanaonisoma, na sababu ninazielewa. Lakini mlemavu wa Kampala ambaye alipigania kiti chake hakutufukuza sisi vijijini mwetu. Tena wengi kule mpakani wanaongea Kiswahili, na tunaweza kuulizana bila mtafsiri wa kulipwa.

Tungewauliza nini? Namba. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema serikali ina wajibu wa kukuza uwepo wa watu wenye ulemavu katika taasisi za taifa, za jimbo na za mitaa. Maneno mazuri, lakini hayasemi wangapi. Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki hizo. Tulipata hata waziri mjumbe wa kuwashughulikia walemavu, mama Irène Esambo, wakili ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu, tangu 2019. Hatua hizo si ndogo. Lakini ukimuuliza chifu wa kartie wangapi wenye ulemavu wako katika baraza lake, atakuangalia tu. Waganda wanaweza kutufundisha jinsi neno "kukuza" linavyogeuka kuwa "wawili, mmoja mwanamke."

Musifikiri hayo ni ya siasa ya juu. Nyinyi mulioishi Bulengo, Lushagala ao Kanyaruchinya munajua vizuri. Choo cha kambi kina ngazi juu ya mawe ya volkano. Mwenye kiti hawezi kukifikia, anangoja usiku. Siku ya kugawa unga listi inasomwa kwa sauti, kiziwi hasikii jina lake, na jina linapita. Tangazo la kuhama linatolewa kwa megafoni. Mwezi wa pili 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa na watu kuambiwa warudi makwao, mwenye miguu alibeba bashi lake akaenda. Asiyeweza kutembea alitegemea jirani. Kama katika kamati ya kambi, pembeni ya rais wa kambi, kungekuwa na mlemavu mmoja mwenye sauti, swali la "nani anabeba nani" lingeulizwa kabla ya siku ile. Mara nyingi tulikuwa na jina la mlemavu kwenye karatasi ya wafadhili, naye mwenyewe hakuitwa mkutanoni.

Hapo ndipo ninaona deni la wanaosafiri. Kabla ya kuondoka, kaa na kundi lako siku moja, wakupe maswali, hata matatu. Ukirudi, ripoti ya Kiingereza mpelekee mfadhili, sawa, lakini kundi lipe saa mbili kwa Kiswahili, ao Kihunde, Kinyarwanda, Mashi, chini ya mti ao katika kanisa lisilo na ngazi. Na wafadhili nao waache kuomba Kiingereza kwa kila kitu. Pesa ya tiketi moja ya kwenda Marekani inatosha kupeleka kundi zima Kampala na kuwarudisha, pamoja na wanaowasindikiza, kwa maana kipofu ao mwenye kiti hasafiri bila wa kumsaidia, na budjeti nyingi zinasahau mtu huyo.

Mashirika yetu ya walemavu pia yajiangalie. Tumeona mengine ambamo ni rais yule yule anayesafiri kila mara, 2019, 2022, 2024, na katibu wake akingoja. Wanawake ndio wanaongoja zaidi. Wasichana viziwi sijui kama wanaitwa hata kwenye mkutano wa kuchagua.

Kwa waliokwisha kurudi na bado hawajaongea na watu wao: redio za hapa zina vipindi vya jioni, ombeni nafasi. Maswali nitayaandika na kuyaweka hapa pamoja na majibu, kwa maana kiziwi hawezi kusikiliza redio.