Sumu inauzwa kiholela, tumbusi wanaisha

Mhariri,

Nalalamikia uuzaji holela wa dawa kali za wadudu hapa Kebirigo. Siku ya soko nilimwona muuzaji wa agroveti akichota chembechembe za dawa kwa kijiko, akazifunga kwa kipande cha gazeti na kumkabidhi kijana aliyesema waziwazi kuwa anataka kumaliza mbwa wanaomlia kuku. Hakuulizwa jina wala kuonywa. Baadaye mizoga ya mbwa ilionekana kando ya mto, chini ya mashamba ya chai.

Mzoga wenye sumu huua kila anayeula. Tumbusi hula kwa makundi, hivyo mzoga mmoja unaweza kuangamiza makumi, ilhali jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika, akiwemo tumbusi wa Rüppell, ziliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Desemba mwaka huohuo, ng'ombe aliyetiwa sumu Maasai Mara aliua simba na tumbusi pia.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Mara. Mara ni jirani yetu, na tumbusi huweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kwa siku akitafuta chakula. Tena hasara ni yetu. India ilipopoteza zaidi ya asilimia 90 ya tumbusi wake kwa sababu ya diklofenaki, dawa waliyotibiwa nayo ng'ombe, mizoga ilirundikana na mbwa koko wakaongezeka, pamoja na hofu ya kichaa cha mbwa. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, wakati ndege karibu wote walikuwa wamekwisha.

Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyotengeneza dawa ya wadudu ya Furadan iliiondoa katika soko la Kenya baada ya simba kuuawa kwayo. Kumbe inawezekana! Basi wakaguzi wafike madukani, siyo mjini Nyamira pekee. Dawa ziuzwe katika vifungashio vyake, na jina la mnunuzi liandikwe. Machifu watangaze barazani kwamba kutega sumu ni kosa, na kaunti ishughulikie mbwa wasio na wenyewe kupitia maafisa wa mifugo. Anayepoteza kuku ana haki ya kusaidiwa, lakini si kwa sumu.

Msomaji wako,
Kebirigo, Nyamira