Kabla ya Tingatinga, Tuchimbe Mizizi

Ndugu wanachama, najua nikitaja bakteria wengi wenu mnafikiria kuhara tu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umwagiliaji, mtu wa pampu na mabomba, na naona fani yetu imewadharau vijidudu hawa kupita kiasi.

Tukipewa eneo la jangwa tunapima chumvi, tunapima maji yanavyozama, halafu tunaita tingatinga lifyeke vichaka vyote. Eti mchanga ule umekufa. Umekufa wapi? Tazameni Gobabeb, katika jangwa la Namib, ambako mvua kwa wastani haifiki hata milimita 30 kwa mwaka. Nyasi za Stipagrostis zinaota juu ya matuta hayo hayo. Ng'oa shina moja uone: mizizi imevaa kitu kama soksi ya mchanga, iliyogandishwa kwa ute. Soksi hiyo inatunza unyevu, na bakteria na kuvu wamefanya makao humo. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulilinganisha nyasi za aina tofauti zinazoota pamoja huko, ukakuta wapangaji wao hawatofautiani kwa aina ya nyasi. Yaani mmea unachukua waliopo mchangani.

Huko Saudia nako, kwenye jangwa la Jizan, watafiti walitoa bakteria aitwaye SA187 katika vinundu vya mizizi ya mmea wa pori, Indigofera argentea. Walipompaka kwenye mbegu za lusini, mavuno yaliongezeka hata shamba likimwagiliwa maji ya chumvi. Anatengeneza kitu ambacho mmea unakigeuza kuwa etilini (ndiyo, gesi ile ile inayoivisha ndizi), na mmea unajikaza.

Sasa mtu akipendekeza tununue vijidudu vya chupa kutoka ng'ambo kwa ajili ya mashamba ya kwetu Turkana, mimi nauliza: vichaka vya pale mmevichunguza? Kazi hiyo iandikwe kwenye zabuni, na ilipwe, kabla dereva wa tingatinga hajawasha injini.

Halafu ninyi mnaokwenda nyumbani likizo kutafuta sampuli za tasnifu, msitie udongo kwenye sanduku kimya kimya. Itifaki ya Nagoya inafanya kazi tangu 2014 na Kenya imo. Ombeni kibali, na wenye malisho wajue mnachochukua na watapata nini kikizaa pesa.