Wazee Wetu Walinyimwa Kura, Sisi Twaiuza

Wanachama wenzetu wa Bagamoyo, Kaole, Mlingotini na Saadani, leo hatukuja kuwapamba. Katika kura za maoni tumeona kwa macho yetu: mjumbe apewa bahasha usiku, asubuhi akawa tayari amekwisha chaguliwa mtu wa kumchagua. Tukiuliza, twajibiwa: "Kura moja itabadili nini?" Jibu letu ni Septemba 1958.

Mwezi ule Jimbo la Mashariki, na Bagamoyo ikiwa ndani yake, lilichagua wajumbe wake wa Baraza la Kutunga Sheria. Nani aliruhusiwa? Serikali ya Mwingereza ilitaka mtu awe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au ashike cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

Masharti hayo yaliwauma watu wa pwani. Mwalimu wa chuoni, aliyefundisha mji mzima kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, mbele ya sheria ile hakuwa msomi. Mvuvi, mkwezi, mama muuza vitumbua, wote nje! Nchi ya watu karibu milioni 9 ikaandikisha wapiga kura kama 60,000.

Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, wengine walitaka TANU isusie. Zuberi Mtemvu akatoka, akaunda African National Congress. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini mkutano uliamua kuingia, ili sheria mbovu ivunjwe kutoka ndani. Agosti, Nyerere akahukumiwa mahakamani kwa maandishi ya gazeti la chama: faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Tazameni, kiasi kile kile kilichotakiwa kwa mpiga kura! Faini ikalipwa, na mwezi uliofuata Nyerere akamshinda Patrick Kunambi katika kiti cha Mwafrika cha Jimbo la Mashariki.

Ushindi ule ulibebwa na nani? Ulibebwa na wenye kadi ambao wengi wao hawakuwa na kura. Walichanga senti, walijaza mikutano, walimhimiza mwenye darasa la nane akajiandikishe. Waliotupatia kura wenyewe hawakuwa nayo.

Leo raia wa miaka 18 haulizwi mapato wala darasa. Basi tajiri anayegawa bahasha anafanya nini? Anarudisha sharti la mkoloni kwa mlango wa nyuma: mwenye shilingi ndiye mwenye sauti. Tena yeye hasemi kura moja haina kazi. Angesema hivyo asingeinunua.

Tunajua shida zipo. Lakini bahasha huliwa siku moja, na aliyeitoa atakaa kitini miaka mitano akirudisha fedha zake. Siku shamba lako litakapochukuliwa, utamwendea kwa madai gani, nawe amekwisha kukulipa?

Kwa hiyo twataka kila tawi likatae bahasha, na mtoaji atajwe kikaoni mbele ya wenzake, awe mkubwa au mdogo. Asiyeweza kulisema hilo hadharani asijiite mrithi wa watu wa 1958.

Uhuru na Umoja!