Muuzaji Asiyeuliza Maji Yako Yanatoka Wapi

Nenda mnada wa Msalato Jumamosi yoyote utazame mtu anavyonunua mbuzi. Anamshika mgongo, anamfunua mdomo aangalie meno, anamtembeza hatua kadhaa, anauliza ametokea kijiji gani. Asiporidhika anahamia kwa mwenye mbuzi mwingine, na hakuna anayemwona mkorofi. Mtu huyohuyo akimaliza nyumba yake Iyumbwa au Njedengwa na kutamani jakuzi bafuni, anatuma mamilioni kwa namba ya simu aliyoikuta chini ya picha. Tuna msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa mbuzi mwenyewe tulishalikataa gunia. Kwa vitu vya bafuni tunalinunua, na nauli ya kulisafirisha tunalipa sisi.

Niseme wazi msimamo wangu. Anayenunua jakuzi Dodoma asianze kwa kuchagua jakuzi, aanze kwa kuchagua muuzaji. Na kipimo cha muuzaji ni kimoja: asiyekuuliza maji yako yanatoka wapi, usimpe hela yako.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli, mji huu umejengwa kwa kasi, na nyumba mpya zimekuja na matamanio mapya. Ardhi yenyewe haijabadilika. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji ya bomba kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Ipo mitaa yanakofika kwa zamu, na ipo ambako mtu huchimba kisima chake. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Kama unabisha, chungulia ndani ya birika lako la umeme uone ule ukoko mweupe.

Sasa chukua jakuzi ya watu wanne. Inameza lita 1,000 au zaidi, yaani tanki zima la nyumba nyingi za hapa. Maji peke yake yana uzito wa tani moja, kabla hajaingia mtu. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 22 hadi 38 kunahitaji karibu uniti 19 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea. Ukiijaza mara nne kwa mwezi umeshatumia uniti 75, kile kikomo anachokijua kila mteja mdogo wa TANESCO, na bado hujawasha taa wala friji.

Kwa hiyo muuzaji anayeijua kazi yake ana maswali mengi kabla ya kukutajia bei. Maji yako ni ya zamu au ya kisima? Tanki ni la lita ngapi, na limekaa juu kiasi gani? Umeme ni wa njia moja au njia tatu? Bafu liko chini au ghorofani, na zege lake lina nondo za kutosha? Maji yakishatumika yanakwenda kwenye shimo au bustanini? Ni maswali ya fundi bomba, wala hayahitaji shahada. Asiyeyauliza ama hajui anachouza, ama anajua na hataki ujue.

Mama yangu mkubwa ni muuguzi mstaafu mwenye baridi yabisi ya magoti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia maji ya moto yangempa nafuu, hasa Juni na Julai, baridi ya huku inapouma. Akatenga sehemu ya kiinua mgongo chake. Akampata muuzaji mtandaoni, wale wa "bei njoo inboksi". Swali pekee aliloulizwa lilikuwa hili: "Mama, unapenda nyeupe au nyeusi?" Akachagua nyeupe. Ikaja juu ya lori, nzuri kweli, na risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwezi wa tatu hita ilikuwa imevaa ukoko kama ule wa birika, na pampu ikawa inaunguruma bila kusukuma kitu. Alipopiga simu alijibiwa, "Mama, hiyo ni shida ya maji yenu ya huko." Baada ya hapo ujumbe wake ukabaki na tiki moja.

Rudia kulisoma jibu hilo. Siku ya kupokea pesa maji yetu hayakumhusu. Siku ya lawama ndiyo yaliyokuwa kosa lote. Leo jakuzi ile ndiyo akiba ya maji ya zamu. Mama mkubwa anachota kwa ndoo, anabandika sufuria jikoni, anakanda magoti kwa taulo.

Kinachochekesha kwa uchungu ni kwamba jina lenyewe jakuzi limetoka kwa watu wa pampu. Jacuzzi ni jina la familia ya wahamiaji wa Kiitalia huko California waliotengeneza pampu za maji, zikiwamo za mashambani. Mmoja wao, Candido Jacuzzi, alikuwa na mtoto mwenye baridi yabisi, na mwaka 1956 kampuni ikaanza kuuza pampu ya kuweka ndani ya beseni la kuogea. Urembo, marumaru na taa za rangi vilikuja baadaye. Kifaa hiki kilizaliwa mikononi mwa watu walioelewa maji na maumivu, na sisi tunauziwa na watu wanaoelewa picha tu.

Najua pingamizi. La kwanza: jakuzi ni anasa, na mji ambao watu wanasubiri maji kwa zamu una mambo makubwa zaidi ya kujadili. Sawa. Lakini muuzaji wa namna hii hauzi jakuzi peke yake. Anauza pia hita za bafuni, matanki, pampu za visima na paneli za sola, kwa mtindo uleule, kwa watu ambao wakipoteza laki tano hawapati nyingine. Tukimzoesha kutouliza kwa mwenye ghorofa, hatamuuliza mwenye chumba na sebule.

La pili: Kariakoo ni bei rahisi. Mara nyingi ni kweli, na wapo watu waaminifu kule wanaouliza vizuri kuliko maduka ya hapa. Umbali si dhambi. Ila bei ambayo haina fundi, haina vipuri na haina mtu wa kupokea simu mwezi wa tatu haijakamilika. Sehemu iliyobaki utailipa wewe.

La tatu: mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Sheria haisemi hivyo tu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba ukimweleza muuzaji matumizi unayokusudia na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Ukitaja jina la chapa tu na kulipa, kinga hiyo inaweza kukuponyoka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Yale maneno ya kwenye muhuri ni ya mwenye duka, hayakutungwa na Bunge.

Kwa hiyo mwandikie kabla ya kulipa: naishi Dodoma, maji yangu ni ya kisima na yana chumvi, tanki langu ni la lita kadhaa, umeme wangu ni wa njia moja, natafuta kifaa cha mgonjwa wa magoti. Je, hiki kitafaa? Omba jibu la maandishi. Dai risiti ya EFD. Uliza fundi wake wa hapa ni nani, na umpigie huyo fundi.

Wengi watakaa kimya ukiwaandikia hivyo, na ukimya huo utakuwa umekuokolea mamilioni. Mmoja atakujibu kwa kukuambia umletee kwanza maji kidogo kwenye chupa ayaone. Huenda bei yake ikawa juu kidogo, na huenda duka lake limejaa vumbi la saruji. Mpelekee hiyo chupa.