FUNDI WA NYUMBANI: Betri ya Saa ya Daku

Mzazi mmoja ameuliza: wanawe wameunda saa ya kuwaamsha kula daku kwa bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico, na sasa wataka kuitilia betri ya kuchaji, isitegemee waya. Je, pana hatari? Ipo, lakini siyo pale wengi wanapoitazamia.

Bodi hiyo hupokea volti 1.8 hadi 5.5 katika pini yake iitwayo VSYS. Betri ya lithiamu, ambayo ikijaa hufikia volti 4.2, yafaa humo bila taabu. Kijana huiunganisha moja kwa moja, saa ikaenda, nyumba nzima ikafurahi. Kisha huchomeka waya wa USB ili abadilishe programu. Hapo umeme wa karibu volti 5 hupita ndani ya bodi, ukatokea kwenye pini ile ile na kuishindilia betri kupita kiasi chake, pasi na cha kuuzuia. Betri hufura, ikizidi, huwaka. Niliwahi kuikuta moja imetuna kama andazi mezani pangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kinga yake ni daiodi ya Schottky kati ya betri na pini hiyo, ncha yenye mstari ikielekea bodi. Huo ni mlango wa upande mmoja: umeme hutoka betrini, haurudi.

Kuchaji kuachiwe kibao cha TP4056, kile chenye kinga ya betri, ambacho hukomea volti 4.2. Ila angalieni: aghalabu huuzwa kikiwa na rezista ya omu 1,200, yaani huchaji kwa miliampea 1,000. Betri ndogo ya miliampea-saa 300 isipewe zaidi ya nusu ya ujazo wake, yaani 150. Rezista ikibadilishwa kwa ya omu 10,000, kibao kitatoa takriban miliampea 130.

Tena saa izimwe kwa swichi inapochajiwa. Kibao hutambua betri imejaa pale umeme unapopungua hadi sehemu ya kumi. Saa ikiendelea kuvuta, huenda kisitambue. Itapoteza majira na itabidi irekebishwe, usumbufu mdogo huo. Ichajiwe mchana, juu ya kigae, mbali na mapazia, mtu mzima akiwapo. Betri iliyofura isitobolewe wala kutupwa jaani. Ipelekwe kituo kinachopokea betri kuukuu.